Fujo za mtu wetu mwenye ulemavu: hatua tunazofuata hapa nyumbani Kibirizi

Naandika hii kwa familia zilizo kama yetu. Mna kijana au mtu mzima ndani mwenye usonji, ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, kifafa au vyote kwa pamoja, na kuna siku anapiga watu, anajing'ata mkono, anavunja vyombo, anakimbia, na mtaa umeshawaambia mfungeni au mpelekeni mbali huko. Mdogo wangu ana miaka 24, ana usonji, maneno yake hayafiki kumi, ana nguvu za kubeba ndoo mbili za maji huku na huku bila kupumzika, na tunaishi naye hapahapa Kibirizi, Kigoma, hatua chache toka mwaloni, pale ufukweni maboti ya uvuvi yanapofikia. Kuna kipindi alikuwa anafungwa kamba. Hiyo kamba na mimi nimewahi kuishika, na kila alipofunguliwa alikuwa mkali kuliko alivyofungwa. Sasa hivi ni mwaka wa nne hajafungwa, fujo zipo bado ila zamani ilikuwa karibu kila siku na sasa wiki mbili zinaweza kupita kimya kabisa.

Kabla ya hatua yoyote shikeni hili moja: mtu asiye na maneno anaongea kwa mwili. Akipiga kuna kitu anasema, na kazi yetu sisi ni kujua anasema nini. Mengine yote hapa chini yanatoka humo.

Hatua ya 1: anzeni na mwili wake

Tabia ikibadilika ghafla, mtu alikuwa mtulivu afu ndani ya wiki moja anakuwa mwingine, msikimbilie kusema amerogwa au ni jeuri. Anaumwa, ndo muanzie hapo. Jino, sikio, choo kigumu, mkojo unaouma, malaria, minyoo, kidonda ndani ya kiatu, kwa dada zetu maumivu ya hedhi. Wewe ukiumwa jino unasema jino linauma, yeye hana hilo neno.

Mdogo wangu aliwahi kujipiga shavuni wiki mbili mfululizo, ukimkaribia anakupiga na wewe, tukaletewa mtu wa kumfukizia dawa nyumba nzima moshi. Siku moja mama anampa uji akaona anatafunia upande mmoja tu. Tukampeleka, jino la nyuma lilikuwa limeoza hadi chini, likang'olewa, siku ya tatu akarudi kuwa yule yule wetu. Wiki mbili nzima alikuwa anatuonyesha kwa mkono wake mwenyewe wapi panauma. Hadi leo nikikumbuka naumia.

Kwa hiyo mkaguweni kichwa hadi miguu wakati wa kumuogesha, angalieni anakula upande gani, anapata choo kila baada ya siku ngapi, analala saa ngapi. Mkienda hospitali, iwe zahanati ya karibu au hospitali ya mkoa ya Maweni, nendeni asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, na mmoja atangulie kumwambia nesi kwamba tuna mgonjwa mwenye ulemavu hawezi kusubiri kwenye watu wengi, naomba aingie mapema. Ombeni kwa heshima lakini msione aibu kuomba mara ya pili. Daktari msimwambie "ana vurugu" tu, mwambieni nini kimebadilika na tangu lini.

Kama ana kifafa, dawa isikatwe ghafla hata siku moja, hata kama mtu wa maombi au wa mitishamba amesema ameshapona, maana kukatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo na hicho kinaua. Na kuna dawa za kifafa, fenobabitoni ikiwa mojawapo, ambazo kwa baadhi ya watu hasa watoto zinaongeza ukorofi na kutotulia. Ukiona fujo zimeanza baada ya dawa mpya au dozi mpya rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo, abadilishe yeye, sio wewe nyumbani.

Kuna jambo jingine zito. Akianza kuogopa mtu fulani, au chumba fulani, au analia akivuliwa nguo wakati zamani hakuwa hivyo, fikirieni kama kuna mtu anamuumiza. Watu wenye ulemavu wanafanyiwa ukatili na ndugu na majirani kwa sababu inajulikana hawawezi kusema. Usilinyamazie hilo kulinda jina la ukoo. Nenda polisi dawati la jinsia, nenda ustawi wa jamii, na kama ni mtoto piga 116 ni bure.

Hatua ya 2: daftari

Hii ndo iliyotubadilishia maisha kuliko zote, na ni daftari la shule tu la kawaida na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Gawa ukurasa sehemu tatu: nini kilitokea kabla, alifanya nini, baadae nini kikafuata. Juu weka siku na saa, nani alikuwepo, alilala vizuri au vibaya. Andika kile macho yameona. Usiandike "alikuwa mkorofi", andika "alirusha sahani ya wali mlangoni". Mfano wetu mmoja uko hivi: "Jumanne saa 10 jioni. Kabla: wageni watatu wameingia, redio imewashwa, mama kamwambia hama kwenye kiti. Alifanya: kajing'ata mkono wa kulia, kampiga mama begani. Baadae: wageni wametoka nje, kaachiwa kiti, akatulia." Ukisoma hayo maneno huhitaji mtaalamu kukuambia, kelele na kunyang'anywa kiti chake, akapiga, kelele zikaondoka na kiti kikarudi. Kwake kupiga kumefanya kazi.

Andikeni angalau wiki tatu nne, na kila mtu wa nyumba aandike, hata mtoto wa darasa la tano anaweza.

Sasa niwaambie daftari letu lilifichua nini. Hapa mtaani ilikuwa inajulikana kwamba mdogo wangu mwezi unampandisha. Ukifika mwezi mkubwa anavuruga, kila mtu ameshuhudia, hata mimi niliamini, na ukweli ni kwamba daftari lilionyesha hivyo hivyo, fujo nyingi zinaangukia siku za mwezi mkubwa. Tukawa tunasema si mnaona. Mpaka siku moja shangazi akawa anapitia zile kurasa akauliza, mbona siku zote hizi kwenye "kabla" mmeandika yupo nyumbani, amekaa tu?

Kwa wasiojua maisha ya mwaloni, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaifuata. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, maboti yamelala, hakuna dagaa wa kuanika. Na mdogo wangu kazi yake kila asubuhi ni kwenda na mama kumwaga na kugeuza dagaa wanaokaushwa, anaipenda hiyo kazi, mikono yake ina kitu cha kufanya, watu wanamsalimia "mwakeye" na yeye anaitikia, ni moja ya maneno yake machache. Mwezi mkubwa hakuna kazi, anakaa ndani kutwa, hakuna aliyemueleza kwa nini hatuendi, na kila akielekea mlangoni anarudishwa. Ndo anavuruga. Mwezi wa watu hauna kosa lolote.

Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tulipata tabu nyumbani hapa sitasahau. Ila tulikuwa tumeshajua sababu, kwa hiyo hatukutafuta mganga, tulitafuta kazi nyingine ya mikono yake. Nitafika huko.

Hatua ya 3: jiulizeni anapata nini au anakwepa nini

Ukishakuwa na kurasa za kutosha kaeni familia, msome kwa sauti. Mara nyingi jibu liko kwenye haya: anataka kitu (chakula, kwenda nje, simu yenye mziki), anataka mtu amuangalie maana amekaa peke yake toka asubuhi, anakimbia kitu (kuogeshwa maji ya baridi, kelele, watu wengi, kazi asiyoielewa), au mwili wenyewe unahitaji kitu, kuruka, kubana, kugonga, kujibembeza. Tendo moja linaweza kuwa na sababu mbili tofauti kutegemea saa. Mdogo wangu akijing'ata asubuhi ni njaa, akijing'ata jioni ni kelele. Ukimpa chakula jioni hutulii wewe wala yeye.

Na hapa angalieni mnachofanya ninyi wenyewe baada ya fujo. Sisi tulikuwa tukisikia sahani imevunjika tunakimbilia soda dukani anyamaze. Tumemfundisha wenyewe kwamba sahani ndo njia ya kupata soda. Soda sio mbaya, apewe, ila apewe kabla, wakati ametulia, au ameiomba kwa njia nzuri. Ukianza kuacha kumpa kwa fujo, siku za mwanzo fujo zitaongezeka kwanza, anajaribu njia yake ya zamani kwa nguvu zaidi, jueni hilo msije mkakata tamaa siku ya tatu.

Hatua ya 4: badilisheni siku, msianze kumbadilisha yeye

Ratiba ndo dawa. Sisi tumepiga picha za vitu vyake vya kila siku kwa simu, tukaenda stesheneri wakazitoa kwenye karatasi ngumu, tukazitundika ukutani kwa mpangilio: kunawa, uji, mwaloni, kuoga, chakula, kupumzika, matembezi, kulala. Kitu kikiisha picha inageuzwa. Kama huna simu nzuri tundika vitu vyenyewe, kikombe, ndoo, kandambili za kutembelea, anaelewa hata vizuri zaidi. Siku hakuna mwaloni picha ya mwaloni inatolewa mbele ya macho yake na inawekwa nyingine, tangu usiku wa jana yake. Asikute mabadiliko mlangoni.

Kabla ya kumhamisha toka kitu kimoja kwenda kingine mpe taarifa, sisi tunamgusa begani tunahesabu vidole vitano polepole. Kelele tumepunguza, redio haiwashwi wakati wageni wapo. Soko la Mwanga hatumpeleki saa nne asubuhi, tunaenda saa moja wakati wauzaji wanapanga. Ana kiti chake na kona yake yenye pazia, na mtu yeyote akiwemo mjomba akija hakai pale. Maji ya kuoga yanapashwa moto kidogo, jambo dogo sana hilo, lakini lilimaliza ugomvi wa kila jioni.

Na kazi. Mtu mzima asiye na kazi anavuruga hata akiwa hana ulemavu. Asiwe wa kukaa tu kwa sababu mnamuonea huruma.

Hatua ya 5: mpeni njia nyingine ya kusema

Kama kupiga ndo neno lake la "acheni", mpe neno jingine jepesi kuliko kupiga. Sisi tulimfundisha ishara tatu tu kwanza, "basi" kwa kiganja mbele, "maji" kwa kidole mdomoni, na "nje" kwa kuonyesha mlango. Unamfundisha ukiwa umeshika mkono wake taratibu, wakati ametulia, mara nyingi kwa siku, na kila akiifanya anapata kile kitu hapohapo. Hapohapo nasema. Akionyesha "basi" wakati wa kuogeshwa, simama hata kama ana povu kichwani, subiri kidogo, kisha endeleeni. Mkimfundisha ishara afu mkaipuuza mara tatu atarudi kwenye kupiga, na hapo kosa ni letu. Ilituchukua karibu miezi mitano ishara ya "basi" kukaa. Siku aliponionyesha mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kuguswa mkono, nilikuwa namnyoa nywele, niliacha mashine ikaanguka, nikalia.

Wakubwa wenzangu kuna hili pia tunaona aibu kulisema. Ameshakuwa mtu mzima, mwili wake una hisia za mtu mzima, akijishika mbele za watu msimpige wala msimcheke. Mpeleke chumbani kwake bila kelele, kila mara, ajifunze kwamba hilo ni la chumbani.

Hatua ya 6: ikishalipuka

Kabla haijalipuka kuna dalili, wetu anaanza kutembea huku na huku na kusugua sikio. Hapo bado una dakika chache, punguza kelele, toa watu, mpe nafasi, muonyeshe kona yake.

Ikilipuka, mtu mmoja tu aongee, maneno mawili matatu, sauti ya chini. Wengine watoe watoto, jiko la mkaa, visu, chupa, sufuria la moto. Msimzunguke. Simama pembeni yake kidogo, mbali kuliko urefu wa mkono wake, na mlango wa kutokea uwe wazi kwake na kwako. Usimshike kwa nyuma, usimkodolee macho, na huo sio wakati wa kumfundisha adabu maana hasikii.

Akikushika nywele usivute, bana mkono wake na viganja vyako kwenye kichwa chako ili asiweze kuvuta, subiri alegee. Akigonga kichwa ukutani weka mto au kiganja kati ya kichwa na ukuta.

Msimlaze kifudifudi mkamkalia mgongoni, msimkandamize kifua wala shingo. Watu wamekufa hivyo kwa kukosa pumzi huku waliowashika wakidhani wametulia. Kamba hapana, mnyororo hapana, kufungia chumbani kwa kufuli hapana, siku moto ukiwaka humo ndani mtasema nini. Ikibidi kabisa kumzuia kwa sababu anaelekea barabarani au majini, ni kwa sekunde chache, amesimama au amekaa, afu mnaachia.

Ikiisha mpe maji, mwache alale akitaka. Usimsomee mashtaka. Kisha andika kwenye daftari ukiwa bado unakumbuka.

Hatua ya 7: mtaa umjue kabla haujamuogopa

Sisi kwetu hatari kubwa mbili, ziwa na watu. Mtu mzima mwenye nguvu anaingia nyumba ya mtu bila hodi, akaulizwa hajibu, mtu akapiga kelele za mwizi, nyote mnajua kinachofuata. Kwa hiyo tulizunguka naye. Tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, msikitini, kijiwe cha bodaboda, wachuuzi wa dagaa na mabaharia wa maboti ya abiria, tukawaambia huyu ni wetu, haongei, akiingia kwako usimpige, mpe maji mpigie simu dada yake. Namba imeshonwa ndani ya kola za mashati yake yote.

Ilitusaidia kweli. Kuna mchana alipanda boti inayokwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo huko, tumeshaanza kumtafuta kwenye maji, simu ikaita, baharia anasema dada tulia yupo hapa amekaa mbele anafurahia upepo, kesho asubuhi anarudi na sisi. Akalala kwa familia ya huyo baharia, akarudi na mkungu wa ndizi.

Watoto wanaomrushia mawe usiwafokee tu, waite, wafundishe ile ishara ya "basi" na salamu yake. Sasa ndo wanaokuja kuniambia kaelekea wapi.

Hatua ya 8: msibaki wenyewe

Mama alikuwa anafanya kila kitu hadi presha ikampata. Siku hizi tuna zamu, na wanaume wa nyumba wana zamu zao, kaka anamuogesha na kumnyoa, na kila mwanafamilia anapata nusu siku kwa wiki ya kuwa mbali kabisa. Mtu aliyechoka ndo anayechukua fimbo.

Ofisini msiogope kwenda. Tafuteni afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa, mtu wenu aandikishwe. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kuna kamati za watu wenye ulemavu zinazotakiwa kuwepo kuanzia mtaa na kijiji, ulizeni ya kwenu nani mwenyekiti wake. Kwenye ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mimi kuna ofisi niliambiwa mtu kama huyu mahali pake ni kituoni sio mtaani. Nikajibu kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na ibara ya 19 inasema ana haki ya kuishi kwenye jamii kama mtu mwingine yeyote. Ishikeni hiyo namba, 19, inasaidia kujibu.

Ile kazi ya siku za mwezi mkubwa niliyosema nitaifikia ni kugonga mise, zile kokwa za chikichi zinazobaki baada ya kukamua mawese. Tulijaribu vitu vingi, kufua hakutaka, kufagia alivunja ufagio, hii akaishika siku ya kwanza tu. Jiwe kubwa chini, jiwe dogo mkononi, anagonga, kokwa inapasuka, anaweka kiini kwenye bakuli. Mkono unapata ule mshindo wa kugonga ambao zamani alikuwa anautafuta kwa kujipiga mwenyewe. Tunakusanya mise kwa majirani wiki nzima kabla mwezi haujakua, mfuko unawekwa nyuma ya mlango, na usiku wa mwisho wa giza mimi na yeye tunasimama ukutani natoa picha ya dagaa, yeye mwenyewe anaweka ya jiwe.